Mishipa iliyovimba miguuni: Jinsi joto lilivyochukua nafasi ya kisu

KIDONDA kilicho juu kidogo ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, ambacho kimekaa miezi bila kupona licha ya marhamu za kila aina na vidonge vya kila rangi, mara nyingi si ugonjwa wa ngozi. Chanzo chake kimo ndani zaidi, katika mshipa wa damu uliolegea na kushindwa kuirudisha damu moyoni. Ndiyo maana tiba ya mishipa iliyovimba miguuni, ambayo wengi huidhania kuwa anasa ya watu wa mjini wanaotaka miguu ya kupendeza, ni suala lenye uzito hata katika kijiji cha Rapsu, Kaunti ya Isiolo.

Kwa zaidi ya miaka 20 sasa tiba hiyo imebadilika mno. Upasuaji wa kuung'oa mshipa mzima, uliomlaza mgonjwa hospitalini na kumwachia makovu, umezipisha njia za kuufunga mshipa kwa joto kutoka ndani, kupitia tundu la sindano. Mgonjwa huingia akitembea na hutoka akitembea siku iyo hiyo.

Rapsu imo katika wadi ya Kinna, eneo la Garbatulla, jirani na Mbuga ya Taifa ya Meru. Ni kijiji cha wafugaji ambacho pia kina mashamba ya kumwagiliwa maji, na kazi za huko ni za kusimama kutwa: kuchunga, kulima, kuchota maji. Anayeugua mguu huanzia kwenye zahanati, akapewa rufaa hadi Kinna au Garbatulla, kisha hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Isiolo. Tiba ya joto kwa kawaida iko mbele zaidi, katika hospitali kubwa za Nairobi. Kwa hivyo mgonjwa wa Rapsu, kuliko mwenzake wa mjini, anahitaji kujua mapema tiba hii ni nini, inamfaa nani na afanye nini akingojea.

Kabla ya kuendelea ni vyema kutenganisha maneno. Kiswahili kina neno moja, mshipa, kwa mambo mengi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na katika sehemu za Pwani hata ngiri au busha huitwa mshipa. Mgonjwa anayemwambia tabibu kwamba "ana mshipa" bila kuuonyesha mguu anaweza kupewa rufaa isiyo yake. Makala haya yanahusu vena, yaani mishipa inayoirudisha damu moyoni, tofauti na ateri zinazoitoa moyoni na kuipeleka mwilini.

Damu inavyotuama

Damu iliyo mguuni hupanda juu dhidi ya uzito wake yenyewe. Kila hatua inapopigwa, misuli ya shavu la mguu huzikamua vena, na ndani ya vena mna vali ndogo, mfano wa milango inayofunguka upande mmoja tu, zinazoizuia damu isirudi chini. Mguu una mifumo miwili ya vena. Zile za ndani, zilizozingirwa na misuli, hubeba takriban asilimia 90 ya damu inayopanda. Zile za juu, zilizo chini ya ngozi, hubeba kiasi kidogo kinachobaki. Kubwa kuliko zote katika hizo za juu ni vena safena kuu, ambayo huanzia kwenye kifundo, ikapita upande wa ndani wa goti na wa paja hadi kwenye kinena, ambako huimimina damu yake katika vena ya ndani ya paja.

Vali za mshipa huu zikishindwa kufumba, damu hurudi chini na kutuama. Shinikizo hupanda, ukuta wa vena hutanuka, na matawi yake hujitokeza chini ya ngozi yakiwa yamejipindapinda kama mizizi ya mti. Mgonjwa huhisi mguu mzito jioni, mwasho, kukakamaa kwa misuli usiku na uvimbe wa kifundo. Miaka ikipita, ngozi ya sehemu ya chini hubadilika rangi, hukauka na kuwa ngumu, na hatimaye jeraha dogo tu, la mwiba au la kujikuna, hugeuka kuwa donda sugu. Kwa mwenye ngozi nyeusi badiliko la rangi huonekana kwa shida. Inafaa kuupapasa mguu na kuulinganisha na mwenzake.

Wanaoelekea kupata maradhi haya zaidi ni wale ambao wazazi wao waliyapata, wanawake waliozaa mara nyingi, wanene, na watu ambao umri umesonga. Kazi ya kusimama kwa saa nyingi huyazidisha. Si maradhi ya wanawake pekee, ingawa wao ndio huonekana zaidi kliniki. Uchunguzi uliofanywa mjini Edinburgh, Uskoti, na kuchapishwa mwaka wa 1999 uliwapima watu wa umri kati ya miaka 18 na 64, na ukakuta vena kuu za juu zimevimba kwa asilimia 40 ya wanaume na asilimia 32 ya wanawake.

Dhana kwamba Mwafrika wa kijijini hapati maradhi haya ina historia yake hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, na ambaye jina lake limepewa aina ya saratani aliyoieleza mwaka wa 1958, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka wa 1972 kwamba vena zilizovimba ni nadra vijijini Afrika. Alidai sababu ni chakula: watu wanaokula vyakula visivyokobolewa hawajikamui wakiwa msalani, hivyo shinikizo la tumbo haliziharibu vali za miguu. Hoja yake kuhusu chakula haikuthibitishwa vya kutosha na uchunguzi uliofuata. Isitoshe, hesabu ya wagonjwa wanaofika hospitalini si hesabu ya wanaougua. Mtu ambaye hospitali iko mbali haendi kumwonyesha daktari mshipa uliovimba tu. Huenda akiwa tayari na donda.

Zama za kisu

Maumivu ya tiba ya zamani yalijulikana tangu kale. Mwandishi Plutarch anasimulia jinsi Gaius Marius, jemadari wa Roma, alivyopasuliwa mguu mmoja bila kufungwa kamba wala kulia, kisha akakataa kuutoa wa pili, akisema faida haikulingana na uchungu.

Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani Friedrich Trendelenburg alieneza mtindo wa kuifunga vena safena kwa uzi pajani. Mwaka wa 1907, Mmarekani William Babcock alibuni ufito mrefu unaopitishwa ndani ya mshipa, ukafungwa mwisho mmoja na kuvutwa ili mshipa mzima ung'oke. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kuifunga vena kwenye kinena na kuing'oa ndiyo ilikuwa tiba yenyewe. Ilifanya kazi, na ingali inafanya kazi inapofanywa na mtu stadi. Lakini ilihitaji chumba cha upasuaji na dawa ya usingizi au ganzi ya uti wa mgongo, iliacha damu imevilia pajani, iliweza kujeruhi neva iliyo ubavuni mwa vena, na wakati mwingine mishipa mipya iliota kinenani palepale pa kidonda na kuurudisha ugonjwa.

Wazo la kuuchoma mshipa kwa ndani badala ya kuung'oa si geni. Katika miaka ya 1960 na 1970 walikuwapo madaktari waliojaribu kutumia umeme, lakini walikosa namna ya kulidhibiti joto wala kuona linakokwenda, na baadhi ya wagonjwa waliungua ngozi na neva. Kilichokosekana ni vitu viwili: jicho na ngao.

Jicho ni ultrasaundi, mashine ile ile inayotumiwa kumtazama mtoto tumboni, ikiongezewa uwezo wa kuonyesha damu inakwenda upande gani. Ngao ni maji ya ganzi. Mwaka wa 1987, daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, alieleza jinsi ya kumwaga chini ya ngozi maji mengi ya chumvi yaliyochanganywa na ganzi kidogo na adrenalini. Aliyabuni kwa ajili ya kuondolea mafuta ya mwili, na hakuna aliyedhani wakati huo kwamba yangewafaa wenye vidonda vya miguu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Kifaa cha kwanza cha mawimbi ya redio kiliruhusiwa Ulaya mwaka wa 1998 na Marekani mwaka wa 1999. Mwaka huo huo wa 1999, Carlos Boné wa Uhispania alitoa ripoti ya kutumia leza ndani ya vena, na mwaka wa 2002 Marekani ikairuhusu leza hiyo kwa vena safena.

Joto linavyofanya kazi

Mgonjwa hulala kitandani akiwa macho. Daktari huutafuta mshipa kwa ultrasaundi na kuuchora juu ya ngozi. Huchoma sindano karibu na goti au chini yake, na kupitia tundu hilo huingiza waya au mrija mwembamba, akiusukuma juu hadi ncha yake ifike takriban sentimita mbili chini ya pale vena safena inapoungana na vena ya ndani ya paja. Umbali huo ni wa lazima: joto likiikaribia mno vena ya ndani, damu inaweza kuganda pasipotakiwa.

Kisha hutiwa yale maji ya ganzi kuuzunguka mshipa kwa urefu wake wote. Hii ndiyo sehemu inayochukua muda na yenye kuchomwachomwa, na wagonjwa wengi husema ndiyo iliyowasumbua. Maji hayo hufanya kazi tatu kwa pamoja. Huondoa maumivu, huubana mshipa uushike waya, na hulimeza joto linalotoka nje ili lisifike kwenye ngozi na neva.

Katika mtindo wa mawimbi ya redio unaotumika sana tangu mwaka wa 2007, ncha ya mrija ina sehemu ya sentimita saba inayopashwa joto hadi nyuzi 120 kwa sekunde 20. Daktari huuvuta nyuma sentimita 6.5 na kurudia, hadi mshipa wote umalizike. Leza hutumia mwanga unaopitia uzi mwembamba wa kioo, na ncha yake hufikia joto la mamia ya nyuzi. Daktari huuvuta polepole kwa mwendo uliopimwa. Leza za mwanzo ziliacha maumivu na michubuko zaidi kuliko redio. Za baadaye, ambazo mwanga wake hunywewa zaidi na maji yaliyo katika ukuta wa mshipa kuliko na damu, na ambazo huutawanya pande zote badala ya mbele tu, zimepunguza tofauti hiyo. Ipo pia njia ya mvuke wa maji, isiyotumika sana.

Joto huukunjisha ukuta wa vena. Mshipa hunywea, hufumba, na kwa miezi kadhaa mwili huugeuza kuwa uzi wa kovu. Swali linaloulizwa na kila mgonjwa, na ni swali la busara, ni hili: mshipa ukizibwa, damu itapita wapi? Jibu ni kwamba mshipa ule haukuwa unapandisha damu. Ulikuwa unairudisha chini. Ukifungwa, damu hufuata vena za ndani, ambazo ndizo zilizokuwa zikifanya kazi yote.

Kazi nzima huchukua saa moja hivi kwa mguu mmoja. Mguu hufungwa bendeji au huvishwa soksi ya kubana, na mgonjwa huambiwa atembee papo hapo. Matawi yaliyojipinda yaliyobaki hutolewa kupitia vitundu vidogo siku hiyo au baadaye, na mengine hunywea yenyewe.

Ushahidi na hatari

Mwaka wa 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Denmark uliowagawanya wagonjwa 500 katika makundi manne. Baada ya mwaka mmoja, vena zilizobaki wazi au kufunguka tena zilikuwa asilimia 4.8 kwa waliotibiwa kwa mawimbi ya redio, asilimia 5.8 kwa leza, asilimia 4.8 kwa waliong'olewa mshipa, na asilimia 16.3 kwa waliodungwa dawa ya povu. Kwa maneno mengine, joto halikukishinda kisu kwa kuufunga mshipa, lililingana nacho. Tofauti ilikuwa katika kupona: waliotibiwa kwa redio na kwa povu waliumia kidogo na kurejea kazini mapema.

Mwaka wa 2013, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, NICE, ilipanga daraja: joto kwanza, povu likishindikana joto, upasuaji vikishindikana vyote viwili. Soksi za kubana peke yake zilibakizwa kwa wale ambao hawawezi kupata tiba nyingine.

Utafiti unaomhusu zaidi mgonjwa mwenye donda ulichapishwa mwaka wa 2018, ukiwa umewafuatilia wagonjwa 450 nchini Uingereza. Wote walifungwa bendeji. Nusu yao, pamoja na bendeji, walifungiwa mshipa katika muda wa majuma mawili, kwa joto au kwa povu. Wengine walisubiri hadi donda lipone au miezi sita ipite. Kundi la kwanza lilipona kwa wastani wa siku 56, la pili siku 82. Desturi ya kumwambia mgonjwa "pona kidonda kwanza ndipo tuushughulikie mshipa" haina nguvu tena.

Hatari zipo. Michubuko na maumivu ya siku chache ni kawaida, na mshipa uliofungwa huhisiwa kama kamba iliyovutwa pajani kwa majuma kadhaa. Wachache hupata ganzi ya ngozi kwa sababu neva imeguswa na joto, hasa chini ya goti. Kuungua kwa ngozi ni nadra iwapo maji ya ganzi yametiwa ya kutosha. Linaloogopwa zaidi ni damu kuganda katika vena za ndani na bonge kusafiri hadi mapafuni; ni nadra, lakini anayepata uvimbe wa ghafla wa mguu, maumivu ya kifua au kukosa pumzi baada ya tiba anahitaji hospitali mara moja.

Haiwafai wote. Mjamzito husubiri hadi ajifungue, maana vena nyingi hunywea baada ya uzazi. Mwenye damu iliyoganda au vena za ndani zilizoziba hafungiwi za juu bila uchunguzi makini, kwa sababu huenda ndizo zinazomsaidia. Mshipa uliojipinda mno haupitishi waya. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo sharti amwambie daktari kabla ya kutumiwa mawimbi ya redio.

Hapa pana jambo linalofaa kusemwa wazi. Katika maeneo ya wafugaji ya Kaskazini mwa Kenya na Pembe ya Afrika, kuchoma ngozi kwa chuma kilichotiwa motoni ni tiba ya jadi ya mifugo, na pengine ya binadamu. Msomaji akisikia kwamba madaktari wa Nairobi wanatibu mshipa kwa joto asidhani ni jambo moja. Chuma cha moto huunguza ngozi na hakiufikii mshipa. Kwa mguu ambao ngozi yake tayari imekosa mzunguko mzuri wa damu, kovu hilo ndilo litakalokuwa donda. Tiba mpya hufanya kinyume: huunguza mshipa na kuilinda ngozi.

Kutoka Rapsu hadi chumba cha tiba

Hatua ya kwanza haihitaji Nairobi. Si kila donda la mguu ni la vena. Kisukari, ukoma, ateri zilizoziba na seli mundu pia huleta madonda, na tiba zake ni tofauti. Tabibu wa zahanati anaweza kupima sukari na kupapasa mapigo ya damu juu ya unyayo. Kipimo hicho cha pili ni cha lazima kabla ya kufunga bendeji ya kubana, kwani mguu usiofikiwa na damu ya ateri ukibanwa unaweza kuoza.

Mapigo yakiwa mazuri, bendeji iliyofungwa kuanzia vidole hadi chini ya goti, ikikaza zaidi kifundoni na kulegea ikipanda, ni tiba kamili ya donda na si ya kupotezea muda. Tatizo ni jua la Garbatulla: wengi huifungua kufikia adhuhuri. Kuifunga alfajiri kabla ya kushuka kitandani, na kulala adhuhuri miguu ikiwa imeinuliwa juu ya kifua, ni afadhali kuliko kuiacha kabisa. Kutembea husaidia, kusimama palepale ndiko kunakodhuru.

Anayepewa rufaa aulize kwanza kama hospitali anayotumwa ina ultrasaundi ya kupima mwendo wa damu, kwa kuwa bila picha hiyo hakuna anayejua mshipa upi ufungwe. Aulize pia gharama na kama bima itailipa kabla hajapanda gari. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya hazina ya zamani ya NHIF, na orodha ya huduma si ile aliyoizoea mwanachama wa awali. Vifaa vingi vya joto hutumiwa mara moja tu kisha hutupwa, na hiyo ni sehemu kubwa ya bei. Palipo na daktari mpasuaji lakini hapana mashine, kung'oa mshipa au kudunga povu bado ni tiba halali, na mgonjwa asirudishwe nyumbani kungojea leza ambayo huenda asiipate.

Safari ya kurudi nayo ihesabiwe. Kutoka Nairobi hadi mji wa Isiolo ni takriban kilomita 285, kisha kuna barabara ya kwenda Kinna. Kukaa kitako kwa saa nyingi mara baada ya mshipa kufungwa huongeza uwezekano wa damu kuganda, hivyo ni vyema kumwuliza daktari siku ya kusafiri, kushuka njiani na kutembea, na kupanga jinsi ya kurudi kupigwa picha ya pili.

Lipo jambo moja la dharura ambalo kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii inapaswa kulijua. Vena iliyovimba ikipasuka, hata kwa kukwaruzwa tu, damu hutoka kwa kasi ya kutisha, na mgonjwa akibaki amesimama au ameketi anaweza kupoteza maisha. Alazwe chini, mguu uinuliwe juu zaidi ya moyo, kitambaa safi kikandamizwe palepale panapotoka damu kwa dakika 10 au zaidi bila kufunuafunua. Asifungwe kamba juu ya jeraha, kwani hiyo huizuia damu kupanda na kuizidisha inayotoka. Damu ikikoma apelekwe hospitalini, na aliyevuja hivyo hata mara moja anastahili kuwekwa mbele ya foleni ya rufaa.